Miaka 16 ya Merkel si miaka 16 ya urais

Kila mjadala wa ukomo wa urais unapopamba moto upande wetu huu wa Afrika, kuna hoja moja isiyokosa kutajwa. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Burundi ilivutana juu ya muhula wa tatu, Rwanda ikapiga kura ya maoni kubadili katiba, na Uganda ikaondoa ukomo wa umri wa mgombea urais. Miaka hiyo hiyo Angela Merkel alikuwa akiendelea kuiongoza Ujerumani, na swali likawa linarudi vijiweni, redioni na kwenye makundi ya WhatsApp: mbona Merkel anakaa tu na hakuna anayemwita dikteta? Kwani demokrasia ya Ulaya ina sheria zake na yetu ina zake?

Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Wanaolijibu kwa kusema tu kwamba Ujerumani ni nchi iliyoendelea wanalikwepa, na kwa kulikwepa wanawaachia uwanja wale wanaolitumia kutetea utawala usio na mwisho. Jibu lenyewe limo katika aina ya kazi aliyokuwa akiifanya Merkel, na linaonekana vizuri zaidi ukiifuata safari yake ya siasa tangu maabara ya Berlin Mashariki hadi siku alipokabidhi ofisi.

Rais wa Ujerumani ni nani?

Tuanze na vyeo, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Ujerumani ina rais na ina kansela. Aliyekuja Songea Novemba 2023, akakutana na familia ya Chifu Songea Mbano na kuomba msamaha kwa ukatili wa wakoloni wa Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji, ni Frank-Walter Steinmeier, rais. Yeye ni mkuu wa nchi. Anatia saini sheria, anapokea mabalozi, analisemea taifa katika mambo mazito kama lile la Songea. Lakini haongozi baraza la mawaziri wala hapangi bajeti. Hiyo ni kazi ya kansela, ambaye kwa lugha tuliyoizoea ni waziri mkuu mwenye nguvu. Merkel hakuwahi kuwa rais wa Ujerumani hata siku moja, ingawa wengi humwita hivyo mpaka leo.

Sasa tazama jambo ambalo ni nadra kutajwa: rais wa Ujerumani ana ukomo. Muhula wake ni miaka mitano, na anaweza kuchaguliwa tena mfululizo mara moja tu. Kansela hana ukomo huo. Katiba ya mwaka 1949, inayoitwa Sheria ya Msingi, haina kifungu kinachomwambia kansela aondoke baada ya miaka fulani. Walioitunga walikuwa wametoka kwenye utawala wa Hitler, na hatari ya mtu mmoja kung'ang'ania madaraka walikuwa wameionja wenyewe. Walichofanya ni kumfunga kansela kwa kamba nyingine.

Chukua chama cha ushirika cha wakulima. Wanachama huchagua bodi, na bodi huajiri meneja. Meneja anaweza kukaa miaka ishirini bila mtu kuihesabu, kwa sababu bodi ikikutana Jumatatu na kuona mambo hayaendi, Jumanne anakabidhi funguo. Kansela ni meneja wa namna hiyo, na bodi yake ni Bundestag, yaani bunge. Rais wa nchi zetu nyingi amechaguliwa na wanachama wote moja kwa moja. Bodi haiwezi kumwondoa ila kwa mashtaka mazito, na mara nyingi yeye ndiye mwenye sauti juu ya bodi hiyo hiyo. Mtu wa aina hiyo asipowekewa mwisho wa miaka, milango mingine ya kumtoa ni michache na ni mizito kufunguka.

Karatasi ya kura isiyo na jina lake

Wapo pia wanaodhani Wajerumani walimpigia kura Merkel mara nne. Mpiga kura wa Ujerumani ana kura mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza ni ya mbunge wa eneo lake. Ya pili ni ya chama, na hiyo ndiyo inayoamua kila chama kipate sehemu gani ya viti. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura za pili kwa kawaida hakiingii bungeni. Hakuna mahali pa kumchagua kansela. Jina la Merkel lilikuwa kwenye karatasi za jimbo la Mecklenburg-Vorpommern peke yake, kando ya Bahari ya Baltiki, ambako aligombea ubunge kuanzia 1990 na kushinda kila mara. Mkazi wa München hakulikuta. Hakukikuta hata chama chake cha CDU, kwa sababu katika jimbo la Bavaria CDU haisimamishi wagombea, bali humwachia nafasi ndugu yake, CSU.

Uchaguzi ukiisha, wabunge ndio wanaomchagua kansela. Hupiga kura ya siri, bila mjadala, na ili apite raundi ya kwanza anahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote, si ya waliohudhuria tu. Usiri huo una meno. Heide Simonis, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa jimbo nchini Ujerumani, aliiongoza Schleswig-Holstein tangu 1993. Machi 2005 alisimama mbele ya bunge la jimbo achaguliwe tena, na kwa hesabu kura alikuwa nazo. Raundi nne zikapigwa siku hiyo, na katika zote nne ilipungua kura moja. Mtu wa upande wake alimnyima, na hajajulikana hadharani mpaka leo. Huo ukawa mwisho wake madarakani, miezi minane tu kabla Merkel hajasimama mbele ya Bundestag. Mei 2025 Friedrich Merz wa CDU, aliyekuwa akiwania ukansela, naye alikwama raundi ya kwanza. Alihitaji kura 316 akapata 310, ilhali vyama vilivyokubaliana kumuunga mkono vilikuwa na wabunge 328. Alipita raundi ya pili siku hiyo hiyo, lakini ujumbe alikuwa ameshaupata.

Kutoka maabara hadi kilele cha chama

Merkel alizaliwa Hamburg, Ujerumani Magharibi, Julai 1954, kwa jina la Angela Kasner. Wiki chache baadaye familia ikahamia Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, kwa sababu baba yake, mchungaji wa Kilutheri, alipewa usharika huko. Alikulia katika mji mdogo wa Templin, akasoma fizikia Leipzig, akafanya kazi ya utafiti katika Akademia ya Sayansi mjini Berlin, na mwaka 1986 akapata shahada ya udaktari. Merkel ni jina la mume wake wa kwanza, ambaye waliachana mwaka 1982. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989 alikuwa na umri wa miaka 35 na hana cheo chochote cha siasa.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Alijiunga na chama kidogo kipya, na katika majira ya kuchipua ya 1990 akawa naibu msemaji wa serikali ya mwisho ya Ujerumani Mashariki, ile ya kwanza kuchaguliwa kwa uhuru. Oktoba nchi mbili zikaungana. Desemba akawa mbunge wa CDU. Januari 1991 Kansela Helmut Kohl akamteua waziri wa wanawake na vijana, na mwaka 1994 akampa wizara ya mazingira.

Wako wanaosema alibebwa. Kuna ukweli ndani yake: Kohl alihitaji sura mpya kutoka Mashariki na alihitaji wanawake, na Merkel alijaza nafasi zote mbili kwa mpigo. Alizoeleka kuitwa binti wa Kohl. Ila kubebwa hakuelezi yaliyotokea baada ya CDU kushindwa uchaguzi wa 1998. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba Kohl alipokea michango ya fedha kwa ajili ya chama bila kuitangaza kama sheria inavyotaka, na akakataa kuwataja waliotoa. Wazee wa chama walinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na deni kwake. Merkel, wakati huo katibu mkuu, alichapisha makala katika gazeti la Frankfurter Allgemeine Zeitung tarehe 22 Desemba 1999, akikiambia chama kijifunze kusimama bila Kohl. Mwenyekiti, Wolfgang Schäuble, naye akaguswa na kashfa hiyo na kujiuzulu. Aprili 2000 wajumbe waliokutana Essen wakamchagua Merkel kuwa mwenyekiti. Chama kile kilikuwa kimezoea kuongozwa na wanaume, wengi wao Wakatoliki wa Magharibi. Sasa kilikuwa na mwanamke Mlutheri kutoka Mashariki, aliyewahi kuachika, asiye na mtoto.

Na hata hivyo kiti hakikuwa salama. Januari 2002 wakubwa wa chama hawakutaka awe mgombea ukansela. Merkel alihesabu watu wake, akaona hawatoshi, akasafiri hadi nyumbani kwa Edmund Stoiber, waziri mkuu wa Bavaria, na wakiwa kwenye kifungua kinywa akamwachia ugombea. Kwangu mimi asubuhi ile inaeleza siasa zake kuliko hotuba yoyote aliyowahi kutoa. Hakususa wala hakukigawa chama. Stoiber aliposhindwa kwa tofauti ndogo, Merkel akachukua uongozi wa wabunge wa upinzani, na aliyesukumwa pembeni alikuwa Friedrich Merz yule yule ambaye leo ni kansela.

Tusisahau waliomtangulia. Wanawake wa Ujerumani walipata haki ya kupiga kura Novemba 1918, na Februari 1919 Marie Juchacz akawa mwanamke wa kwanza kuhutubia bunge la taifa. Waziri wa kwanza mwanamke, Elisabeth Schwarzhaupt, alipatikana mwaka 1961, baada ya wanawake wa CDU kumbana Kansela Konrad Adenauer mpaka akakubali. Annemarie Renger akawa spika wa kwanza mwanamke mwaka 1972. Tangu hotuba ya Juchacz hadi siku ya Merkel ilipita miaka 86.

Serikali za nusu mkate

Septemba 2005 CDU na CSU walipata asilimia 35.2 ya kura, na chama cha SPD cha Kansela Gerhard Schröder asilimia 34.2. Usiku ule Schröder alidai kwenye televisheni kwamba atabaki yeye. Ilichukua wiki kadhaa za mazungumzo hadi mahasimu hao wawili wakakubaliana kuunda serikali ya mseto. Wakenya wanaijua serikali ya nusu mkate ya Mwai Kibaki na Raila Odinga iliyoanza 2008, na Wazanzibari wanaijua Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Za kwetu zilizaliwa katika msiba wa kisiasa ili kuzima moto. Ujerumani hiyo ni njia ya kawaida ya kutawala. Vyama huandika mkataba mrefu, kifungu kwa kifungu, nani achukue wizara ipi na sheria gani ziletwe, kisha ndipo kansela hupigiwa kura. Tarehe 22 Novemba 2005 Merkel alipata kura 397 katika bunge la watu 614. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, na mtu wa kwanza kukifikia akiwa amekulia Ujerumani Mashariki.

Mwaka 2009 alitawala na chama kidogo cha waliberali, FDP. Lakini uchaguzi unaofundisha zaidi ni wa 2013. Merkel alikuwa kwenye kilele chake na vyama vyake vikapata asilimia 41.5. Kwa viti, hiyo ilikuwa 311 kati ya 631. Vilipungua vitano tu kufikia wingi, na FDP waliokuwa washirika wake walikuwa wameanguka chini ya asilimia 5 na kutoka bungeni kabisa. Ikabidi arudi kwa SPD, na SPD wakaja na bei. Walitaka kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, jambo ambalo chama cha Merkel kilikuwa kimelipinga. Kuanzia Januari 2015 waajiri kwa kawaida wakatakiwa kulipa angalau euro 8.50 kwa saa. Mwanasiasa maarufu kuliko wote nchini alitekeleza ahadi ya mpinzani wake, kwa sababu bila kura za mpinzani huyo asingekuwa kansela.

Mara ya nne ilikuwa ngumu zaidi. Baada ya uchaguzi wa Septemba 2017, mazungumzo na chama cha Kijani na FDP yalivunjika Novemba. Nchi ikakaa karibu miezi sita bila serikali mpya, na SPD hawakuingia mpaka wanachama wao wa kawaida walipopiga kura kuikubali mseto. Machi 2018 Merkel alipita kwa kura 364, akihitaji 355. Vyama vilivyokuwa naye vilikuwa na wabunge 399. Pengo hilo kila mtu aliliona.

Breki nyingine

Kati ya uchaguzi na uchaguzi napo hakuwa huru kufanya atakalo. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Msingi kinaliruhusu bunge kumwondoa kansela siku yoyote, kwa sharti moja: limchague mrithi wake kwa kura hiyo hiyo, ili nchi isibaki bila mwenye usukani. Kohl mwenyewe aliingia madarakani kwa mlango huo tarehe 1 Oktoba 1982, FDP walipomhama Kansela Helmut Schmidt. Hapa Afrika tuliona jambo linalokaribiana na hilo Septemba 2008, chama cha ANC kilipomtaka Thabo Mbeki aachie ngazi, naye akaachia ndani ya siku chache. Afrika Kusini pia rais huchaguliwa na bunge, na bado wakaongeza ukomo wa mihula miwili juu yake.

Kisha yako majimbo 16 yenye serikali zake. Machi 2021, katikati ya janga la Uviko-19, Merkel na mawaziri wakuu wa majimbo walikubaliana usiku kufunga shughuli nchini wakati wa Pasaka. Kulipokucha ikaonekana mpango hautekelezeki. Haikuchukua siku mbili, Merkel akasimama mbele ya taifa, akasema kosa ni lake peke yake na akaomba radhi.

Na iko mahakama. Februari 2020 Merkel alikuwa Pretoria, kwenye mkutano na waandishi wa habari pamoja na Rais Cyril Ramaphosa. Siku moja kabla, jimbo la Thüringen lilikuwa limepata waziri mkuu kwa msaada wa kura za AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia. Merkel akasema jambo hilo halisameheki na matokeo yake lazima yabatilishwe. Wengi walikubaliana naye, nami ningekuwa mmoja wao. AfD wakaenda kortini. Juni 2022 Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe ikaamua kwamba Merkel alivunja haki ya chama hicho ya kushindana kwa usawa, kwa kuwa alisema akiwa amevaa kofia ya kansela na maneno hayo yakawekwa kwenye tovuti za serikali. Mwanamke aliyesifiwa dunia nzima alishindwa kesi na chama ambacho wengi nchini hawataki hata kukisikia.

Anayetaka kumtumia Merkel kama kielelezo, basi achukue kifurushi chote. Achukue bunge linaloweza kumwondoa mkuu wa serikali ndani ya siku chache, kura ya siri ya wabunge wake mwenyewe, mshirika anayeweza kuhama, majimbo yasiyopokea amri, na majaji wanaomhukumu bila kuogopa simu. Kuchukua miaka 16 peke yake na kuviacha hivyo vingine ni kuwadanganya wananchi.

Alivyoondoka, na wanachobishania sasa

Mwaka 2015 Ujerumani ilipokea watu wapatao 890,000 waliotafuta hifadhi, wengi wakikimbia vita vya Syria. Merkel aliwaambia wananchi kwamba nchi itaweza. Wapo waliomheshimu zaidi kwa hilo na wapo waliomhama. Baada ya matokeo mabaya katika chaguzi za majimbo mwaka 2018, alitangaza Oktoba kwamba anaacha uenyekiti wa chama na hatagombea tena 2021. Akawa kansela wa kwanza tangu 1949 kuondoka kwa uamuzi wake, bila kushindwa kwenye uchaguzi wala kusukumwa nje na wenzake. Tarehe 8 Desemba 2021 alimpisha Olaf Scholz, siku 10 kabla ya kuifikia rekodi ya Kohl.

Kuhusu wanawake, rekodi yake ina pande mbili. Mwaka 2017 alipoulizwa hadharani kama ni mpigania haki za wanawake alisitasita. Septemba 2021, akiwa jukwaani na mwandishi Chimamanda Ngozi Adichie mjini Düsseldorf, akasema wazi kwamba ndiyo. Lakini katika bunge la mwisho alilolitawala, wanawake walikuwa karibu mmoja tu kati ya wabunge watano wa vyama vyake.

Wajerumani wenyewe hawajakubaliana kama miaka 16 ni afya. Wako wanaosema kukaa muda mrefu kulizoeza nchi kuahirisha maamuzi, na wanatoa mfano wa kuitegemea gesi ya Urusi hadi vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022. Mwezi uliofuata Bundestag iliunda tume ya kuangalia sheria za uchaguzi, na moja ya maswali iliyokabidhiwa ni kama muda wa kansela uwekewe kikomo. Sheria ya Msingi haijabadilishwa katika jambo hilo, hivyo Merz naye hana ukomo wa mihula. Ana wabunge 328 wa vyama vitatu tofauti, CDU, CSU na SPD, wa kuwaridhisha, na kumi na nane kati yao walishamwonyesha siku ya kwanza kwamba kura zao si za bure.